Volti za Asubuhi

Injinia alinifukuza kazi mbele ya akina mama waliopanga mitungi kwenye kisima cha Kakuma. Alisema nimeunguza inveta, lile sanduku linaloendesha mota ya pampu kwa umeme wa sola. "Fundi wa mtaani ni wa mtaani tu," akasema. Nikarudi Lodwar, na kwa miezi mingi hakuna aliyeniita hata kumfungia soketi. Nilimwombea injinia mabaya, tena kila siku.

Siku za mwizi ni arobaini. Inveta mpya nayo ikaanza kuzima, na kamati ya maji ikanipigia simu. Asubuhi kioo cha inveta kiliandika volti zimezidi. Alasiri, joto limezidi. Nilipima paneli mapema, hewa ingali baridi, nikacheka peke yangu. Injinia alikuwa amezipima saa saba mchana, hata kabla ile inveta ya kwanza haijaungua. Paneli ikichemka volti hushuka, ikipoa hupanda; naye akadhani hazitoshi, akaunga paneli mbili zaidi kwenye mstari. Nani angemwambia kwamba Kakuma nako kuna baridi? Tena, kwa kuogopa vumbi, alikuwa ameziba matundu ya feni ya inveta kwa nailoni.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Sikugusa kitu. Niliiambia kamati, "Aliyefunga ndiye afungue. Mwiteni."

Alifika siku ya nne. Asubuhi nilimpa mita, nikamtaka asome namba kwa sauti, akina mama wakisikia, kisha azifungue zile paneli mbili. Mchana nikamwingiza kwenye kibanda cha mabati chenye inveta abandue nailoni yake mwenyewe, na sikumpa hata maji. Alitoka shati limemganda mgongoni.

"Kosa lilikuwa langu," akasema.

"Sikusikia."

Akarudia kwa sauti, macho chini. Sijawahi kula nyama ya mbuzi ikawa tamu kama maneno yale. Jina langu lilikuwa limerudi.

Pampu ikawaka, maji yakatoka. Mama mmoja, ambaye siku ile ya kufukuzwa kwangu ndiye pekee aliyenitetea, akaja na mtungi wake, akaukinga kwenye bomba. Kucha zake zilikuwa zimevunjika kwa kuchimba mchanga wa laga, ule mto mkavu, siku hizo nne, akitafuta maji ya kunywa.

"Ejok, fundi," akasema, yaani ni vizuri kwa Kiturkana. "Hii shida wewe ulijua siku gani?"

Injinia alikuwa amesimama pale pale, akinitazama. Nikasema, "Siku ya kwanza, mama."

Aliinua mtungi wake ukiwa na maji nusu tu, akaondoka bila kuujaza.