Sahani Tupu za Mwalimu Gwenda

Mwalimu Gwenda ametoka Welisi, nchi ambayo sijaiona wala sina haja ya kuiona, maana yeye sasa ni mtu wa hapa kwetu Yokone, Japani. Asubuhi anaposhuka mteremko na baiskeli yake kwenda shuleni, watoto humwita kutoka madirishani, naye humjibu kila mmoja kwa jina. Darasani, mtoto akikosea Kiingereza, Gwenda naye hukosea Kijapani makusudi, vibaya zaidi, darasa zima likaangua kicheko na yule mkosaji akacheka nao. Mchana huvaa kofia nyeupe akapakua supu pamoja na watoto wa zamu. Alhamisi jioni hutufundisha sisi watu wazima kwenye ukumbi wa mtaa. Mume wangu Shigekazu ameambulia sentensi moja tu, ya kuagiza bia, na anajivuna nayo kweli kweli.

Kwa hiyo nilikasirika sana mwaka ule majirani walipoanza kumteta.

Kwetu, jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unaweka chochote, hata machungwa mawili. Gwenda alilishika hilo tangu alipofika. Keki zake za zabibu zilizunguka mtaa mzima.

Kisha theluji ikaangusha banda la Bibi Tokie, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe Yasunori akaja juu: kama baridi ijayo hapatakuwa na mtu wa kupakua theluji juu ya paa, atamhamishia mama yake mjini, kwenye ghorofa lake. Bibi Tokie aliolewa katika nyumba ile, akazaa humo, akamfumba mumewe macho humo. Alituambia wazi kwamba huko mjini atakufa kwa majonzi.

Lakini msaada hataki. Shigekazu aliwahi kupanda ngazi ya paa lake, akatimuliwa kwa ufagio.

"Nitakurudishia nini mimi?" Bibi alimfokea. "Mgongo huu? Shuka!"

Ni baada ya hapo sahani za Bibi zilipoanza kutoka kwa Gwenda zikiwa tupu. Zimeoshwa, zimefutwa, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, ila hamna kitu. Bibi Tokie akapandwa na hasira, akaamua kumsuta kwa kupeleka sahani kubwa zaidi.

"Bi Hamako, umeyaona mambo haya?" aliniambia. "Figili za achari, kala. Uyoga, kala. Vikate vya mchele, kala vyote!"

"Labda kazi zimemzidi, Bibi."

"Kazi gani? Ya kutafuna?"

Mtaa ukadakia. Nikamwendea Gwenda jikoni kwake.

"Mwalimu, wanakusema huko nje."

"Wanasemaje, dada?"

"Kwamba mgeni ni mgeni tu."

Machozi yakamlengalenga. "Hilo limeniuma," akasema. Kisha akaifuta sahani ya Bibi Tokie na kuifunga kwenye kitambaa, bila kuweka hata punje ya wali. Nilitoka nimefura, sijui nimkasirikie nani.

Baridi ikaja, na theluji ikashuka mpaka milango ikagoma kufunguka. Yasunori akapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua mama yake. Jumamosi asubuhi nikamwona Gwenda juu ya paa la Bibi Tokie, kamba kiunoni, koleo mkononi. Shigekazu alikuwa ameshika kamba chini, na akina baba wawili watatu wa watoto wa shule wamepanda paani na Gwenda.

Bibi Tokie akatoka na ufagio. "Shukeni! Nani kawaita?"

"Hawa nimewaita mimi," Gwenda akajibu kutoka juu. "Wananisaidia mimi, nitawalisha mimi. Wewe hawakuhusu."

"Na wewe je?"

"Mimi? Bibi, mwaka mzima nimekula jikoni kwako, sijakurudishia hata chumvi. Mtaa mzima unajua. Unataka niendelee kutembea na aibu hii?"

Nikaelewa. Nikaona haya kwa niaba ya mtaa wote. Mwanamke huyu alikubali kuitwa mlafi asiye na adabu, misimu yote, ili kikongwe mwenye kiburi asipate pa kukatalia.

Bibi Tokie akaushusha ufagio.

"Upande ule usimwage!" akafoka. "Utavunja vichaka vyangu vya maua! Huyo mwenye koti la bluu anashika koleo kama kijiko, mwambieni!"

Jumapili Yasunori akakuta paa jeupe limegeuka jeusi, vigae vinang'aa, na mama yake amejikalia mezani na Gwenda wanakunywa chai.

"Haya, mwaka huu mmefanya," akasema, bado amesimama. "Na mwakani, mama?"

"Mwakani?" Bibi Tokie akamsogezea Gwenda bakuli lililojaa mpaka juu. "Nina shamba zima la figili. Kula, Mwalimu."

Gwenda akala. Yasunori akamtazama mama yake, akaivua kofia, akapiga magoti, akamwinamia mwalimu hadi paji la uso likagusa mkeka. Jioni aliondoka peke yake.