Mkalimani wa Malolo

Mwanaheri alijifunza Kiswahili Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, alikokuwa akiwauzia vibarua uji. Karanga zilipogoma kustawi, mashamba yakafungwa, naye akarudi kwao Malolo. Ndiyo maana mwaka 1957, chama cha kudai uhuru kilipomleta msemaji kutoka Lindi, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwageuzia watu maneno kwa Kimwera.

Msemaji, Bwana Hasani, alivaa koti zito katika jua la saa nane. “Ndugu zangu,” akaanza, “mtawaliwa hana budi kuukataa utawala usiotokana na ridhaa yake!”

Mwanaheri akakwama. Ridhaa ndiyo nini kwa Kimwera? Akawaambia: “Anasema, mgeni amekaa mno. Sasa yeye ndiye anayegawa mboga, na mwenye nyumba analamba mwiko.”

Watu wakaangua kicheko. Bwana Hasani, asiyejua Kimwera hata cha salamu, akadhani wameipenda ridhaa. Akaitaja mara tano zaidi. Mara zote tano mgeni alizidi kuharibika, hata akafika kumfundisha mama mkwe kusonga ugali. Kadi za chama ziliisha siku ile ile.

Miezi michache baadaye Bwana Hasani alirudi kumnadi Seleman, karani wa ghala la ufuta, awe mwenyekiti wa tawi.

“Dada, nasikia unatia chumvi,” akamwambia Mwanaheri. “Leo nataka maneno yangu tu.”

Ilimchoma, lakini akaitikia, “Haya, kaka.” Akatafsiri yote, bila kupunguza wala kuongeza. Watu wakaanza kupiga miayo.

Mzee Isihaka akainuka. “Mwanangu, unaumwa?”

“Siumwi, baba. Ndivyo anavyosema.”

“Na siku ile?”

Mwanaheri akaangalia chini. “Siku ile nilimsaidia kidogo.”

Mzee akawageukia wenzake. “Kumbe kadi tulizinunua kwa maneno ya huyu mtoto! Basi naye apigiwe kura.”

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Seleman alipata mkono wake na wa shemeji yake. Mingine yote ikaenda kwa Mwanaheri, hata ya wawili waliokuwa wakijinyoosha tu.

“Wanasemaje?” akauliza Bwana Hasani, akitabasamu.

Mwanaheri akamgeukia. “Wanasema… mwenyekiti ni mwanamke.”

“Mwanamke gani?”

Hilo hakuweza kulitafsiri. Alijigusa kifua, akacheka mpaka machozi yakamtoka.