Baba Mkwe, Ukuta na Mimi

Siku mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba nimepita, niliruka juu mpaka kanga ikanidondoka. Kijiji chetu cha Genkuru kilikuwa kimetakiwa kupeleka mtu mmoja akasomee uashi kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, na wanaume wote walikuwa wametafuta njia ya kukwepa. Huyu ana ng'ombe, nani atawachunga? Yule ana wake wawili, akiondoka watatoana macho. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, sina mtoto bado, na mume wangu alikuwa Musoma kwenye kinu cha pamba, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nikanyoosha mkono. Walicheka, kisha wakaona hakuna mwingine, wakanipigia kura.

Haraka yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya darasa la nne. Tangu tuhamishiwe pamoja kijijini, shule ilikuwa na vyumba vitatu tu, na darasa la nne walikuwa wakisomea kwenye ghala la kijiji, wamekalia magunia. Kila mavuno yakiingia, mahindi yanawafukuza, na wanakaa nyumbani mpaka ghala lipungue. Wilaya ilikuwa na saruji na mabati ya darasa jipya, lakini haikuwa tayari kuyatoa mpaka kijiji kionyeshe fundi wake mwenye cheti. Yule tuliyekuwa naye alivuka Sirari akaenda Kenya kutafuta maisha, na maisha yakamshika hukohuko. Kwa hiyo cheti changu ndicho kingeleta darasa, na mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kupanga tofali ni kitu gani cha kumshinda mtu?

Kulikuwa na jambo moja tu. Mwalimu mmojawapo wa uashi pale chuoni alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa asiyejua, kwetu Wakurya mke wa mwana na baba mkwe wana kitu kinaitwa ensoni, yaani heshima iliyochanganyika na aibu. Hampeani mikono. Hamtazamani usoni. Akiwa chini, wewe mkwe hupandi juu yake, hata kama ni ngazi ya vidato viwili. Na yeye haingii nyumba ya mwanawe, hata mvua ya mawe impige mlangoni. Mwenyekiti aliniapia kwamba walimu wa uashi wako wawili na mimi nitakuwa kwa yule mwingine. Nilipofika na sanduku langu kichwani, nikaambiwa yule mwingine amepata uhamisho juzi.

Mkuu wa chuo alikuwa mama wa Bukoba, mchangamfu, mwenye kupenda mambo yaende. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja kwenye uwanja wa uashi.

"Ndugu fundi, mwanafunzi wako mpya huyu hapa. Mpe mkono."

Baba mkwe akageukia mlima. Mimi nikageukia viatu vyangu. Wanafunzi waliokuwa Wakurya wakaangua kicheko, na mama wa watu akadhani tuna ugomvi wa ukoo. Alipoelezwa, akasikitika kweli.

"Basi mwanangu, nitakuhamishia ushonaji."

"Mama, sikutumwa sindano!" Nilisema kwa sauti mpaka wa useremala wakaacha randa zao.

Baba mkwe akakohoa. Akausogelea ukuta wa mazoezi uliokuwa umefika magotini, akauambia, "Wewe ukuta. Anayekuja kukujenga afike saa moja kamili. Mimi sipendi mtu wa kuchelewa."

Sikujua nicheke au nilie. Nikaunyanyua mwiko uliokuwa chini, nikauambia, "Mwiko, msalimie tata. Mwambie shikamoo, na kesho saa moja itatukuta hapa."

"Marahaba," tata, yaani baba, akauambia ukuta.

Ndivyo nilivyosoma miaka miwili. Yeye akauelekeza ukuta, mimi nikamsikiliza kwa niaba ya ukuta. "Ukuta, mbona umekunywa maji mengi? Udongo gani huu, uji?" Hapo najua nimekosea, naongeza mchanga. "Ukuta, leo umesimama vizuri." Hapo moyo unanipasuka kwa furaha, na siku nzima sihisi njaa. Wenzangu walifanya mchezo, wakawa wanasalimia kila kitu. Mtu anaingia bwaloni anaiambia sufuria ya maharage, "Mang'ana?" na wote tunaitikia.

Nilikipenda chuo kile kuliko nilivyotegemea. Asubuhi tulilima shamba la chuo tukiimba, mchana ufundi, jioni siasa na hesabu. Jumamosi tulishuka sokoni Nkende kununua sabuni, wasichana wa upishi na mimi mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo. Nilivitembeza vidole vile kama mtu aliyevaa pete mpya.

Lakini sikuwahi kujenga juu ya kifua. Ukuta ukifika kifuani unahitaji jukwaa, na mwalimu anasimama chini ya jukwaa anaangalia. Nipande juu ya kichwa cha baba mkwe? Hata kuliwaza ni dhambi. Basi kila ukuta wangu ukifika kifuani, nilimpisha mwenzangu mmoja wa Busawe, baba wa watoto wanne, naye akapanda kuumalizia. Hakuna aliyesema neno. Mimi mwenyewe niliona ni sawa, na wenzangu wakaniita Fundi wa Kifuani. Nikacheka nao.

Zoezi la mwisho lilikuwa nyumba. Kila mwanafunzi arudi kijijini kwake, ajenge nyumba bora ya vyumba viwili, halafu mwalimu aje kuikagua nje na ndani. Ikipita, cheti. Wenzangu walijenga stoo au ofisi ya kijiji. Mimi, kwa furaha zangu, nikachagua kujijengea yangu. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya fito iliyoliwa na mchwa, na mwenyekiti akasema kijiji kikimwona fundi wake analala pazuri kitamwamini.

Mama mkwe na mimi tulifyatua tofali na kuzichoma. Mama yule alikuwa na nguvu za trekta. Yule mwenzangu wa Busawe alikuja wiki nzima akanisaidia kumalizia kuta za nje kule juu na kupaua. Alipoondoka, nilibaki na ukuta mmoja tu, wa kugawa vyumba. Nikaujenga peke yangu, kwa mara ya kwanza nikapita kifuani, nikapanda kwenye pipa. Niliona raha isiyo na kifani! Niliimba huko juu. Niliposhuka na kurudi nyuma kuutazama, nikaona umelala. Kuanzia kifuani kwenda juu, ukuta wangu ulikuwa umeinama.

Nikatundika mkeka pale.

Kisha nikahamia, maana ningengoja nini? Nikaingiza kitanda, nikapanga mafiga matatu, nikawasha moto, nikainjika uji wa wimbi kwenye nyumba ya tofali niliyoijenga kwa mikono yangu. Mama mkwe akauona moshi, akaja anakimbia.

"Umewasha moto?"

"Nimewasha, mama! Njoo unywe uji."

"Na fundi wako ataingiaje?"

Kijiko kikanitoka mkononi. Kuta tupu ni kazi ya mwanafunzi, mwalimu angeingia akakagua, basi. Lakini nyumba yenye moto na kitanda ni nyumba ya mwanawe.

"Nitauzima," nikasema.

"Moto wa nyumba ya mwanangu si sigara."

Usiku ule sikupata usingizi, na niseme ukweli, haikuwa hofu tupu. Katikati ya hofu kulikuwa na nafuu. Kama haingii, hataufunua mkeka. Niliionea aibu nafuu ile, lakini ilikuwepo.

Baba mkwe alikuja Jumamosi asubuhi na mkoba wake wa vifaa. Habari ilikuwa imeenea, na kundi la watu lilisimama uani, pamoja na darasa la nne wote, maana siku zile kitu chochote kilikuwa bora kuliko kukalia magunia. Akazunguka nje taratibu. Akapima kona, akagonga tofali, akaingiza kidole kwenye maungio.

"Ukuta," akasema, "umesimama."

Watoto wakapiga makofi. Akafika mlangoni. Harufu ya moto ikampata, akasimama pale pale. Akaikunja kamba ya timazi lake la kupimia unyoofu wa ukuta, akalirudisha mkobani.

"Mlango," akasema kwa upole, "mwambie mwenyewe kwamba cha ndani sijakiona, na nisichokiona sikisaini. Mwakani wakileta mwalimu mwingine, atakuja yeye."

Mwakani! Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, wiki mbili tu yaingie ghalani. Niliwatazama watoto wale. Mmoja alikuwa ameweka daftari kichwani kujikinga na jua. Nikajua pia kilichoko nyuma ya mkeka, na kwamba nikifungua mdomo wangu kitaonekana mbele ya kijiji kizima. Mdomo wangu, kama kawaida yake, haukuniuliza.

"Mlango, mwambie tata hii si nyumba ya mwanawe tena. Ni ya darasa la nne. Wakae humu mpaka shule yao ijengwe."

Mama mkwe akashika kiuno.

"Na mumeo?"

"Nitamweleza mwisho wa mwezi."

"Utamweleza ukiwa umesimama mbali," akasema. Akatafakari kidogo, akiwatazama watoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na figa la kwanza, la moto, amelibeba kwa matambara. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yule wakati ule. Balozi wa nyumba kumi akaitwa ashuhudie. Tukatoa majivu, tukatoa vyungu, tukakitoa kitanda tumekifunika shuka asikione mtu. Baba mkwe muda wote alikuwa anahesabu mawingu.

Nikauacha mkeka mpaka mwisho. Halafu nikautungua mwenyewe.

Baba mkwe akavua kofia, akavuka kizingiti. "Shuleni hakuna mkwe," akasema, nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. Akapita chumba cha kwanza, akaja kwenye ukuta wangu, akaangika timazi kutoka juu. Mpaka kifuani, kamba iliufuata ukuta vizuri kabisa. Kutoka pale kwenda juu, pengo lilikuwa la vidole vitatu. Watoto walikuwa wamejaa dirishani, na niliwasikia wakihesabu vidole.

"Ukuta," akasema, "umejengwa na nani?"

Mwiko haukuwepo karibu. Hakukuwa na kitu cha kukiambia.

"Na mimi, tata. Na mimi ndiye niliyetundika mkeka."

Aliishika ile kamba pale kifuani, mahali ukuta ulipoanza kuinama. Alipitisha kidole pale mara mbili, tatu.

"Mpaka hapa amefundishwa," akasema. "Kutoka hapa hajafundishwa na mtu. Mwalimu wake aliona haya." Akaigeukia hewa ya chumbani. "Ubomolewe mpaka kifuani. Ukisimama leo kabla jua halijazama, Jumatatu naandika barua ya cheti."

Nilibomoa kwa furaha, kana kwamba nilikuwa nimepewa zawadi. Vumbi likajaa, watoto wakachukua tofali mkono kwa mkono, mama mkwe akakanyaga udongo. Ukuta ulipobaki kifuani, wakaleta mbao na mapipa mawili, wakatengeneza jukwaa. Nikasimama mbele yake. Nikangoja baba mkwe atoke nje ndipo nipande, kama ilivyo adabu.

Hakutoka. Alikuwa amekunja mikono ya shati lake la kazini, ameinama anajaza udongo kwenye karai, kazi ya msaidizi wa fundi.

Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza kwamba hatoki. Akaenda mbio nyumbani kwake, akarudi na suruali ya mume wangu, akanitupia. Nikaivaa juu ya gauni, nikaifunga kwa kamba ya katani. Nilikuwa kioja, nadhani, lakini hakuna aliyecheka.

"Panda," akasema baba mkwe.

Nikapanda. Chini yangu niliona kipara chake kidogo katikati ya mvi, kitu ambacho mke wa mwana hatakiwi kukiona maishani mwake. Akaninyooshea karai. Akaninyooshea tofali la kwanza, la pili, la tatu, uso wake ameugeuzia dirishani kwenye macho ya watoto. Nikaweka, nikagonga, nikavuta uzi kutoka kona hadi kona. Mikono yake haikuchoka na yangu ikaanza kupata mwendo, na nikajisikia naimba tena, kwa sauti ya chini.

Kwenye mstari wa nne akasimama na tofali mkononi. Hakukohoa wala kuusemesha ukuta. Aliinua uso, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "uzi wako umelegea."

Nikaukaza.