Cheo Nilichomkataza Mdogo Wangu

Mwaka 2018 mdogo wangu, muuguzi huko Ubelgiji, alinipigia simu nikiwa naendesha gari kutoka Mansfield kwenda kazini Fort Worth, huku Marekani. Alikuwa amepewa usimamizi wa wodi, ila mshahara mpya ungemwingiza kwenye kiwango cha juu cha kodi. Akauliza, "Dada, nikubali?"

Kodi za huko sikuzijua hata kidogo. Lakini mkubwa ni mimi, tena mtu wa Marekani wa miaka mingi, basi nikajibu kama mtaalamu: "Kataa! Watakukata mshahara wote kwa kiwango hicho, utabaki na kidogo kuliko sasa." Mimi mwenyewe nilikuwa nakataa ovataimu kwa sababu hiyohiyo.

Akakataa.

Mwaka uliofuata nilimweleza Mkenya mmoja wa kazini kwetu kwa nini sichukui zamu za ziada. Akaweka vikombe viwili mezani, akamimina chai.

"Hiki kikijaa, inayozidi ndiyo inaingia kile kingine. Kodi kubwa inakata ya kikombe cha pili tu, cha kwanza hakiguswi. Nani alikudanganya?"

Wiki mbili nzima sikumpigia mdogo wangu. Nilipompigia na kuanza kujieleza, akanikatiza kwa upole.

"Nilijua, dada. Niliuliza ofisi ya kodi kabla sijakataa, nikakupigia tena nikuambie si kweli. Ukaniuliza tangu lini nimekuwa mkubwa kwako."

Simu hiyo hata siikumbuki.