Siku Nilipomwaga Maharage Dirishani

Waliokuwepo siku ile barazani ni hawa. Mimi, mama wa mama yake msichana. Msichana mwenyewe, mtoto wa binti yangu mkubwa. Mama yake alikuwa ameolewa mara ya pili huko Endiinzi kwa wafuga ng'ombe, akaniachia watoto wa mume wa kwanza niwalee Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Mama wa Kakoba, mtaa wa Mbarara, Mwislamu, mke wa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Huyo si ndugu yangu kwa damu, ila nilimfulia nguo miaka mingi mpaka akaanza kuniita dada, Kiswahili hiki nikakipata kwenye karai lake, na ndiye aliyemlaza msichana wangu nyumbani kwake wakati wa masomo. Mke wa askari kutoka kambi ya jeshi, pamoja na mwanawe aliyesoma darasa moja na wangu. Na mpimaji, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Wengine walikuwa wazazi waliokuja na watoto wao.

Majina yao yote ninayo. Hata la mbuzi aliyefungwa karibu na jiko la shule ninalo, maana mpishi alikuwa akimwita. Lakini jina la mtu ni lake, silitoi bila kumwomba ruhusa, na wengi wao siwezi tena kuwaomba. Tulikuwa wangapi jumla, hilo sisemi. Mtaona kwa nini.

Shule ilikuwa Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi. Ilikuwa miaka ya themanini, vita vimepita, na watoto wengi walikuwa wamepanda madarasa huku shule zenyewe zimefungwa nusu ya mwaka. Basi wakubwa wa shule wakasema watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wapimwe hesabu za msingi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Asiyejua arudi darasa la saba. Kwa mtoto wa mjini, kurudi darasa la saba ni aibu ya mwaka mmoja, inaisha. Kwa mtoto wa Nakivale haikuwa hivyo. Wangu alilipiwa na watu wa kanisa, na nafasi yao ilikuwa ya sekondari tu. Akirudishwa, nafasi inapewa mtoto mwingine siku hiyohiyo, na mlango umefungwa. Nilijua hilo kabla sijapanda lori. Wala msidhani sikulijua.

Lori lenyewe lilikuwa la mume wa Mama wa Kakoba, lililofuata samaki ziwani. Nilikaa juu ya magunia, nikafika asubuhi nikinuka samaki, nikaenda moja kwa moja shuleni na mfuko wa maharage mkononi. Maharage yalikuwa zawadi ya Mama wa Kakoba. Mtu haendi kumsalimu aliyemlea mtoto wake mikono mitupu.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu. Kwetu mtu hahesabiwi. Ng'ombe pia. Ukiulizwa una watoto wangapi, unasema, "Wapo." Ukiulizwa ng'ombe, unasema, "Wapo." Anayejua atatosheka. Nilipokuwa mama kijana, ndiyo kwanza tumefika Nakivale, karani mmoja aliniuliza mbele ya watu nina watoto wangapi, na mimi kwa furaha ya kuandikwa nikamtajia, kwa sauti. Mvua za mwaka ule hazijakatika nikazika, na idadi ile haikuwa kweli tena. Toka hapo sijarudia.

Lakini posho ilitolewa kwa idadi ya watu, na karani alitaka idadi. Nikapata njia. Siku ya kuandikwa, kila mtoto wa nyumba yangu alitupa punje moja ya maharage kwenye bakuli, mimi nikatupa yangu mwisho, nikalipeleka bakuli mezani. Karani aliyamwaga akahesabu mwenyewe. Ahesabu maharage, asihesabu wanangu. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akazoea, mwishowe ananiona kwa mbali anasema, "Huyo mama wa bakuli amekuja, nisafishieni meza." Msichana wangu alikulia katika mambo hayo. Nilimfundisha tangu hajaota meno ya pili: kinywa chako kisitaje hesabu ya watu wa nyumba hii.

Vitu vingine alihesabu, tena vizuri kunishinda. Kisimani alijua kila nyumba imechota madumu mangapi. Mihogo aliigawa kwa kutazama tu, na hakuna aliyelalamika. Mama wa Kakoba alikuwa akinitania, "Dada, na kuku nao huwahesabu?" Nikamwambia, "Kuku nawahesabu. Kuku analiwa."

Basi tukaketi kwenye benchi barazani, chini ya dirisha. Karatasi zilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo watoto walipimwa kwa mdomo, mmoja mmoja, na kipande cha chaki cha kuandikia ubaoni akihitaji. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, tukasikia yote. Mpimaji alitoka kwanza mlangoni, akatuambia, "Wazazi, kaeni, sikilizeni. Ila atakayefungua mdomo kumsaidia mtoto wake, mtoto huyo nimemaliza naye." Tukaitikia.

Alikuwa mtu wa mashariki ya nchi, Kinyankole hakukijua. Watoto walipokwama kwa Kiingereza, aliwahamishia Kiswahili. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alitaka watoto wasiogope, ndiyo maana aliwaanzishia na mambo ya nyumbani kwao. Wema huo ndio uliotumaliza.

Mwana wa askari alitangulia. "Nyumbani kwenu mko wangapi?" Kijana akataja papo hapo, kama anaita kuku. Idadi siitaji. "Kila mtu akinywa vikombe viwili vya uji kwa siku, wiki nzima vikombe vingapi?" Akajibu, akasifiwa.

Mama yake, mwenye Kiswahili cha kambini, akanipiga kiwiko. "Nasikia hiyo? Mutoto yangu najua hesabu kama mutu ya stoo. Akikosa, baba yake napiga yeye paredi mpaka jioni." Akanitazama. "Na wewe, mama, kwa nini natetemeka kama kuku ya mvua? Yako iko na akili, yangu nasema kila siku."

Nilikuwa nimeshaelewa. Swali litakuwa lilelile.

Msichana wangu akaingia. Nilimwona kichogo tu, na kola ya shati ambayo Mama wa Kakoba aliigeuza na kuishona upya.

"Nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Tupo, mwalimu."

Watoto waliokuwa mlangoni wakacheka. Mpimaji naye akacheka kidogo. "Najua mpo. Wangapi?"

Akainamisha kichwa.

"Haya, tuache wakubwa. Wadogo zako wangapi?"

"Wapo, mwalimu."

"Ng'ombe je? Ninyi watu wa huku mnapenda ng'ombe."

"Wapo kwa mama, Endiinzi."

Hapo sauti ya mpimaji ikashuka, ikawa ile wanayoongea na mtoto mgonjwa. "Usiogope. Tufanye kutoa. Watu wote wa nyumbani kwenu, ondoa wawili. Wamebaki wangapi?"

Jamani. Nilishika ubao wa benchi. Alikuwa akimwambia mtoto aondoe wawili katika wanangu, na mtoto yule alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba tayari walikwisha kuondolewa wawili, ni akina nani, na wamelala wapi. Nikaona bega lake linapanda na kushuka.

Mama wa Kakoba akaninong'oneza, "Dada, mwambie ataje. Mungu anajua nia."

"Siwezi."

"Basi kohoa. Atakusikia, ataelewa umemruhusu."

Sikukohoa. Mnaosoma leo mtaniona mjinga, na labda ni kweli. Lakini nilikuwa na mdogo wake msichana huko Nakivale, nimemwacha na homa ya siku tatu. Nikikohoa, mtoto anataja, na mimi narudi nyumbani kukuta nini? Nisipokohoa, shule imekwisha. Nikakaa katikati kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili.

Ndipo nikahisi mfuko mapajani.

Nikaona ndiyo njia. Nakivale ilifanya kazi, kwa nini isifanye hapa? Mdomo sifungui, maana amekataza mdomo. Nikafungua mfuko nikachagua punje kwa vidole, huyu, na huyu, na huyu, mpaka yangu mwisho. Nikasimama nikazimwaga kwenye kizingiti cha dirisha.

Msichana akageuka akaziona. Uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono, akazitenga mbili pembeni, akachukua chaki aandike zilizobaki.

Mpimaji akamshika mkono. "Subiri kwanza. Nini hiki?" Akachungulia nje akaniona nimesimama na mfuko. "Mama, unampelekea mtoto majibu mbele ya macho yangu?"

Nikafungua mdomo, na Kiswahili changu chote cha Kakoba kikanikimbia. Yakatoka maneno ya kwetu, asiyoyajua. Mke wa askari akasimama. "Mwalimu, hapana! Hii si kuiba. Hii ni maharage tu!"

"Ndiyo, naona ni maharage," akasema. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Msichana wa kidato cha pili, mpaka aletewe maharage ya kuhesabia. Hivyo tunawafundisha wa darasa la kwanza." Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Mwingine."

Mama wa Kakoba alimfuata mpaka ofisini, akamweleza desturi yetu tangu mwanzo. Akasikilizwa kwa heshima. Wakamwambia kama msichana anajua, angesema. Na kama kuna desturi, mzazi angeieleza kabla ya kupima, si baada. Walikuwa na haki. Nilikaa barazani asubuhi nzima na sikueleza, kwa sababu nani alijua kwamba hesabu ya shule ingeanza na watoto wangu?

Nikaweka kidole gumba kwenye wino, nikatia alama kwenye karatasi ya kumwondoa shuleni, nikamchukua.

Tulishuka kuelekea Kakoba, Mama wa Kakoba mbele, sisi nyuma. Msichana alikuwa amezikusanya zile punje kutoka dirishani, amezifumbata. Nikamuuliza, "Ulilijua jibu?"

"Tangu aliponiuliza, Bibi. Hata la uji nililijua, alipomuuliza yule wa kwanza nilishapiga hesabu ya kwetu pia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema," akaniambia, "halafu mdogo wangu asipone, ungenitazama vipi?"

Nikaongeza mwendo kumfikia Mama wa Kakoba. Mdogo wake alipona, akakua. Nafasi ya kanisa ilikwenda kwa mtoto mwingine kabla ya wiki kwisha. Msichana wangu alirudi Nakivale, akakaa darasa la saba miezi miwili akiwa mrefu kuliko wote, kisha asubuhi moja akatundika ukutani lile shati lenye kola iliyogeuzwa, akachukua dumu akaenda kisimani. Sikumlazimisha. Ningemwambia nini? Punje zile alizipanda nyuma ya nyumba.

Ninyi mliokuwepo, na watoto wa wale waliokuwepo, kama nimekosea nirekebisheni. Huenda kola haikugeuzwa mwaka ule bali mwaka uliofuata. Huenda mpimaji alisema maneno mengine, mimi nikayakumbuka kwa uchungu wangu. Kama kuna mtu nimemwacha kwenye orodha yangu hapo juu, njooni mnitajie jina lake nimweke. Jina lake tu. Idadi iacheni.