Gauni langu la kola ya kaniki

Leo nimeitwa mwizi katikati ya soko la Nachingwea.

Jamani, nilikuwa nanunua ufuta tu.

Memsabu ninayemfulia nguo akanishika mkono. "Umeiba gauni langu!"

Watu wote wakageuka.

Kweli, gauni nililovaa linafanana na lake. La kwake lilitoka Ulaya, na nimelipiga pasi hadi najua kila mshono. Shemeji yangu, fundi cherehani, akanishonea la kufanana nalo. Kitambaa kilipungua, kola tukaitoa kwenye kaniki.

Nikamwonyesha hiyo kola nyeusi. "Lako lina hii?"

Akaigusa. Kisha akauliza taratibu kama fundi wangu anaweza kumwekea kola kama ile.

Nikamwambia aniombe radhi kwanza, watu wasikie.

Akaomba.

Ungekuwa mimi, ungempeleka kwa shemeji?