Ng'ombe Hawakuwamo Kitabuni

Juzi nilishuka Bunda kununua kitenge, nikakikuta kile kitabu kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi. Kitabu chembamba, jalada lina msichana wa sekondari na mvulana aliyeshika ua. Unavijua vitabu vya namna ile, rafiki yangu. Nilikitambua kabla hata sijasoma jina lake. Nikakinunua, nikaingia mgahawani, nikaagiza chai, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekimaliza.

Sitakuficha, ni kitabu kibovu. Msichana anampenda mvulana, barua inapotea, baba anamtafutia bwana mwenye gari, ukurasa wa mwisho anaolewa na huyo mwenye gari. Basi. Nikarudi mwanzo nikapekua tena, natafuta ng'ombe. Hawakuwamo.

Nilivyokijua mimi, kilikuwa na ng'ombe. Nyumbani kwetu Buhare tulianika udaga juu ya majabali nyuma ya nyumba. Mihogo iliyovundikwa ina harufu kali, lakini ukishinda nayo unaizoea. Mchana mama alimenya, bibi alichambua dagaa, mimi nilifukuza mbuzi, na dada yangu alitusomea. Alikuwa amemaliza darasa la saba na bado anangoja matokeo. Kitabu alipewa na mwalimu wake siku ya kuagana. Mama na bibi hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa darasa la pili, bado nahangaika na silabi.

Katika kitabu cha dada, wageni walifika wakiswaga ng'ombe wa mahari. Aliwataja kwa rangi zao, mwekundu, wa mabaka, mweusi mwenye pembe moja. Msichana akatoka nje, akasimama mbele ya baba yake akasema, "Baba, mimi nataka kusoma. Warudishe." Na ng'ombe wakageuzwa, wakarudi walikotoka.

Bibi alikasirika kweli. "Huyo binti hana adabu! Ng'ombe wanarudishwaga wapi?"

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Soma tena hapo hapo," akasema. Dada akasoma tena, polepole zaidi, akimtazama mama.

Mimi niliusogelea ule ukurasa nikachungulia. Neno "ng'ombe" nililijua vizuri, maana darasani lilibandikwa ukutani na picha yake. Nililitafuta juu mpaka chini nisilione. Nikadhani bado sijajua kusoma. Niliona aibu, nikarudi kwa mbuzi wangu.

Mavuno yalipoisha, wageni walikuja kutoka Mugeta na ng'ombe wa kweli. Dada hakusema neno. Alifunga nguo zake kwenye kanga akaondoka nao, na kitabu kikabaki, mama akawa anachana kurasa za kuwashia moto. Maziwa ya wale ng'ombe niliyanywa mimi. Na ni kwa ng'ombe hao mimi nilisomeshwa mpaka nikamaliza.

Basi juzi nilipotoka mgahawani sikurudi Musoma. Nilipanda gari la Mugeta. Dada nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Akajifuta mikono, akakigeuzageuza kitabu.

"Kumbe bado kipo."

"Dada, ng'ombe hawamo."

"Hawakuwamo. Nilikuwaga naweka mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukusema tu kwamba hutaki?"

"Nilisema. Kila siku mchana, mbele yenu wote." Hakuwa na hasira, aliendelea kupukuchua. "Mama na bibi hawakujua kusoma. Ila wewe nilikuonaga unachungulia. Nikasema, huyu atauliza."

Nilitegemea nitalia. Sikulia. Nilikaa tu nikitazama kuku wakidonoa punje, kama mtu aliyeng'olewa jino na ganzi haijaisha. Mama na bibi tumeshawazika. Yale majabali yamepasuliwa kokoto, pamejengwa nyumba, na hakuna anayeanika udaga pale tena. Waliobaki kuijua ile hadithi ni sisi wawili.

"Nisomee basi," akasema. "Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo."

Nikasoma uani pale mpaka mahindi yakaisha kwenye ungo. Nilipofika harusini sauti yangu yenyewe ikaingiza ng'ombe. Nikaanza na mwekundu, nikaleta wa mabaka, nikamsimamisha msichana mbele ya baba yake.

Dada akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Soma kilichoandikwa, mdogo wangu."

Nikasoma. Ilikuwa imebaki mistari minne tu.